Kuchoma uvimbe wa ini: mawimbi ya redio au maikrowevu?

Mgonjwa akishaambiwa kuwa uvimbe wake wa saratani ya ini unaweza kuchomwa kwa sindano bila kupasuliwa, swali linalofuata huwa ni moja: mashine ipi ni bora? Kabla ya kulijibu, naomba kwanza picha ya ini lake.

Njia ya mawimbi ya redio ndiyo kongwe. Sindano hupitishwa kwenye ngozi hadi ndani ya uvimbe, daktari akiifuatilia kwa ultrasaundi au CT (picha za eksirei zinazoundwa na kompyuta), na pedi hubandikwa mapajani ili umeme upate pa kutokea. Joto likipita nyuzi 60, seli hufa papo hapo. Ila aliyewahi kuchoma mishikaki anajua: moto ukizidi, nje panakuwa mkaa na ndani bado mbichi. Nyama iliyogeuka mkaa haipitishi umeme vizuri, kwa hiyo joto likikaribia nyuzi 100 kazi inazorota.

Maikrowevu haikwami hapo. Hutikisa maji yaliyomo mwilini, kama lile jiko la kupashia chakula. Haihitaji pedi, joto laweza kufika nyuzi 150, na eneo kubwa huiva kwa dakika chache.

Faida yake huonekana zaidi uvimbe ukiwa jirani na mshipa mkubwa. Damu kwenye mshipa wenye upana wa milimita 3 au zaidi hubeba joto na kuondoka nalo, sawa na kuchemsha sufuria huku mtu anaongeza maji baridi. Seli zilizo kando ya mshipa zinanusurika, kisha uvimbe unaota palepale. Hata hivyo, ukali huo wa joto la maikrowevu unaweza kuunguza mirija ya nyongo au utumbo ulio karibu.

Utafiti wa Ufaransa na Uswisi uliochapishwa mwaka 2018 ulizipambanisha njia hizi kwa uvimbe usiozidi sentimita 4. Baada ya miaka 2, asilimia 6 ya uvimbe uliochomwa kwa maikrowevu ulikuwa umeota tena palepale, na asilimia 12 upande wa redio. Ukisoma haraka utasema maikrowevu imepunguza tatizo kwa nusu, lakini kitakwimu tofauti hiyo haikuthibitika. Ndiyo maana simshauri mtu auze shamba kufuata mashine mpya.

Ukubwa una uzito zaidi. Uvimbe usiozidi sentimita 3 ndio unaochomeka vizuri, pamoja na ukingo wa ini lisilo na uvimbe wa milimita 5 hadi 10 kuuzunguka. Kuupata ungali hivyo ni shida, maana hauumi. Mwenye ini lenye makovu, na wengi wanaoishi na homa ya ini B, wapimwe ultrasaundi kila miezi 6.

Baada ya kuchomwa, homa ndogo na uchovu wa siku chache ni kawaida. CT hurudiwa baada ya mwezi hivi. Sehemu iliyokufa huonekana kama shimo jeusi, nasi tunakagua ukingo wake: doa likiwaka pale dawa ya picha inapopita, huenda uvimbe bado uko hai na sindano ikarudi.