Reshio kubwa ndiyo inayokula injini yako

Kila mwaka ikifika Machi simu yangu hailali. Viwanja vya mbio za magari vinakaribia kufunguliwa hapa North Carolina, Marekani, na swali ni lile lile: nifunge reshio gani? Kazi yangu ni difu, yale magia ya ekseli ya nyuma yanayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Nilianzia kwenye Fuso na Land Cruiser, gereji moja ya Mombasa. Siku hizi ni magari ya mbio za stoki, yale yenye bodi ya gari la kawaida yanayozunguka uwanja mfupi Jumamosi usiku. Wateja wangu ni mafundi bomba, madereva wa malori, wenye maduka. Gari la mbio wanalilipia kwa mshahara huo huo unaolipa kodi ya nyumba. Nikiwajibu, wengi wananuna, kwa sababu nawaambia wapunguze.

Ndani ya difu, krauni (gia kubwa) yenye meno 37 ikikaa na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) ya meno 9 inakupa reshio ya 4.11. Yaani propela shafti, ile inayotoka kwenye giaboksi kwenda difu, inazunguka mara nne na kidogo ili tairi lizunguke mara moja. Ukipandisha reshio, gari linachomoka kwenye kona kwa nguvu zaidi, na dereva anapenda sana hilo, kwa sababu mgongo unalisikia. Asichokisikia ni bili.

Tupige hesabu. Chukua tairi lenye mzingo wa mita 2.18, gari likitoka konani kwa kilomita 90 kwa saa na kufika 130 kabla ya kufunga breki. Kwa 130 tairi linazunguka karibu mara 994 kwa dakika. Ukiwa gia ya juu ambayo ni moja kwa moja, yaani propela inazunguka sawa na injini, zidisha hiyo kwa reshio ya difu. Ukifunga 5.67, injini inafanya kazi kati ya RPM (mizunguko kwa dakika) 3,900 na 5,640. Ukifunga 6.50, inakuwa kati ya 4,470 na 6,460.

Sasa angalia injini yenyewe. Madaraja mengi ya mbio ya watu wa kipato cha kawaida hutumia injini ya GM wanayoiita 602, lita 5.7, bolti zake zimepigwa sili ili mtu asiifungue akaichezea. Inatoa nguvu farasi 350 ikiwa RPM 5,400. Hapo ndipo kilele. Kuipeleka 6,460 ni kuibebesha mzigo mahali ambapo nguvu imeshaanza kushuka. Na mzigo wenyewe haupandi kwa mstari. Nguvu inayovuta pistoni na konrodi hukua kwa kipeo cha pili cha RPM, kwa hiyo kutoka 5,640 hadi 6,460 unaongeza karibu theluthi nzima. Springi za valvu ndizo hulia kwanza. Zikichoka, valvu inaelea, yaani haiwahi kufunga, na ikigusana na pistoni umeshanunua injini nyingine. Nina mteja aliyenunua mbili katika msimu mmoja. Tulipomshushia reshio, muda wake wa kuzunguka uwanja ulibadilika kidogo mno, na injini ya tatu ilimaliza msimu.

Ndiyo maana nawaunga mkono kabisa waandaaji wanaotaja reshio ya juu kabisa kwa kila daraja. NASCAR yenyewe, chama kikubwa cha mbio za stoki Marekani, pamoja na pesa zote zilizoko kule, mwaka 2005 ilianza kupangia timu za Cup, daraja lake la juu, reshio za difu ili kushusha RPM. Kwenye viwanja vidogo kuna sheria nyingine ya zamani, ya kumruhusu mshindani anunue injini ya mwenzake kwa bei iliyopangwa. Nia ni njema, lakini nimeona marafiki wa miaka mingi wakiacha kusalimiana kwa sababu yake. Gia haigombanishi watu. Inakaguliwa kwa chaki: inua ekseli ya nyuma, weka nyutro, chora alama kwenye tairi na kwenye propela shafti. Difu ikiwa imefungwa ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja, zungusha tairi mara moja kamili na uhesabu propela. Mara tano na theluthi mbili? Hiyo ni 5.67, hakuna mjadala.

Kuhusu difu yenyewe, usikimbilie ile ya kampuni ya Halibrand na wenzake, yenye gia mbili nyuma unazobadilisha kwa dakika chache. Ni kazi nzuri ya uhandisi, ila inagharimu maelfu ya dola, na ukishakuwa nayo utanunua seti ya gia baada ya seti. Kama reshio yako imeshapangwa na sheria, unabadilisha nini? Ford ya inchi 9, iliyofungwa kwenye magari ya kawaida kuanzia 1957 hadi 1986, inatosha. Moyo wake unachomoka kwa mbele kama wa Land Cruiser ya zamani, na pinioni imeshikwa na bearing pande zote mbili. Inakula nguvu kidogo kwa msuguano. Nakubali hasara hiyo.

Kuifunga difu, kuchomelea gia za spaida (zile ndogo zinazoruhusu magurudumu kuzunguka tofauti) ndiyo njia rahisi kuliko zote, lakini weldi ikipasuka vipande vinaingia kwenye bearing. Ukiweza, nunua spuli, kipande kimoja kinachokaa badala ya gia hizo. Kwa vyovyote magurudumu yote mawili yatazunguka pamoja, na kwa kuwa kona zetu zote ni za kushoto, tairi la kulia lazima liwe kubwa. Kona ikiwa na nusu kipenyo cha mita 60 na matairi yakiachana mita 1.65, tofauti ya mzingo ni kama sentimita 6. Tepu ya fundi cherehani inatosha kuipima.

Gia mpya nikizifunga napaka meno rangi ya njano, nazungusha kwa mkono, kisha natazama alama. Nataka doa la mviringo katikati ya jino. Likikimbilia ncha, nafungua tena na kubadilisha shimu, zile pete nyembamba zinazosogeza gia. Uchezaji kati ya meno nauacha milimita 0.20 hadi 0.30. Halafu namwomba mwenye gari asilikimbize siku hiyo: azunguke uwanja mara kumi taratibu, azime, asubiri mpaka aweze kuweka kiganja kwenye difu bila kukiondoa, ndipo arudi tena.