Wapiganaji wa zamani wanaolea skauti: tunayoyasema Lubumbashi, na ukweli wenyewe

Ukitamka hapa Lubumbashi kwamba mwanajeshi mstaafu anayejitolea kuongoza skauti apewe cheti cha heshima mbele ya watu, jiandae kubishana. Wanaopinga si watu wabaya. Wengi wana uchungu wa mambo waliyoyaona kwa macho. Lakini naona wanachanganya vitu viwili: bunduki aliyoibeba mzee zamani, na Jumamosi anazowapa watoto wetu sasa. Mimi natetea heshima kwa ajili ya hizo Jumamosi.

Dhana: Skauti ni jeshi la watoto, na mstaafu wa jeshi ndiye analiandaa

Hofu hii siidharau. Aprili 1997 AFDL, waasi wa Laurent-Désiré Kabila, waliingia mjini hapa, na ndani yao walikuwamo kadogo, watoto wenye silaha begani. Mzazi aliyeyaona hayo akimkuta mwanawe amepanga mstari, amevaa sare na anaitika filimbi, lazima moyo ushtuke. Isitoshe, mwanzilishi wa skauti, Robert Baden-Powell, alikuwa jenerali wa jeshi la Uingereza.

Ila tazama alichokifanya na watoto. Agosti 1907, katika kambi yake ya kwanza kisiwani Brownsea, aliwachanganya wavulana wa familia zenye uwezo na wale wa familia za wafanyakazi, akawagawa katika vikundi vidogo, akawafundisha kupika, kufunga mafundo, kufuata nyayo na kuokoa mtu aliye hatarini. Na hapa kwetu sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inakataza kumwingiza aliye chini ya miaka 18 katika jeshi, polisi au kundi lenye silaha. Kwa hiyo mzazi ana kipimo. Shefu, yaani kiongozi wa kundi la skauti, akianza kuwafundisha watoto silaha, hiyo si skauti tena: mtoe mtoto, kisha peleka habari kwa wenye mamlaka.

Waliokua enzi za Mobutu wana hofu nyingine, kwamba kila kundi la vijana wenye sare ni mkono wa chama, kama ilivyokuwa JMPR, tawi la vijana la chama cha Mobutu. Kumbukumbu hiyo ni ya kweli, lakini skauti kwa kanuni zao si wa chama chochote, na kundi linaloimba sifa za mgombea limezivunja kanuni hizo.

Dhana: Kumheshimu mzee ni kuuheshimu upande aliopigania

Hapa ndipo penye uzito, hasa Katanga. Katika ukoo mmoja unaweza kukuta babu aliyekuwa Force Publique, jeshi la wakoloni wa Kibelgiji, mwanawe aliyeingia jeshi la Zaire, na mjomba aliyekuwa jandarme, yaani askari wa Katanga iliyojitenga, kati ya 1960 na 1963. Wengine waliishia Angola na kurudi na vita vya Shaba, jina la Katanga enzi hizo, vya 1977 na 1978. Ukisema "tuwaenzi wapiganaji," mara moja jirani anauliza: wapiganaji gani?

Swali hilo ni halali, na jibu lake ni kutoandika vita kabisa kwenye cheti. Cheti kiseme fulani amelea kundi la skauti la parokia au mtaa fulani, kwa miaka kadhaa, akafundisha jambo hili na lile. Hapo watu wawili waliowahi kuwindana msituni wanaweza kupokea shukrani ileile, siku ileile, na hakuna familia inayotukanwa. Lakini mtu aliyewatendea raia au watoto unyama, huyo hata kulea skauti asiruhusiwe, sembuse kupewa cheti.

Dhana: Mwanajeshi anajua kupiga tu

Majeshi hayajaundwa na wapigaji peke yao. Katika vita vya pili vya dunia Kongo ya Kibelgiji ilipeleka hospitali ya uwanja wa vita hadi Burma, na Wakongomani waliohudumu humo kazi yao ilikuwa kuokoa watu. Aliyeishi kambini anajua choo kichimbwe upande gani wa maji, ramani inasomwaje, na mgonjwa anabebwaje bila kuumizwa zaidi.

Mtazame shefu mwenye ujuzi huo akimfundisha mtoto kufunga bendeji. Ncha ya kulia juu ya ya kushoto, ivute. Kisha ya kushoto juu ya ya kulia, ivute tena. Fundo linalala bapa, halimchomi mgonjwa, na ukitaka kulifungua unazisukuma ncha zake linalegea. Mtoto akikosea upande, fundo linakaa kombo na kuteleza. Mzee halifungi yeye. Anasubiri mtoto alifungue na kuanza upya. Subira hiyo ndiyo ninayotaka iandikwe kwenye cheti.

Fundo hilohilo, Marekani wanalitarizi kwenye kitambaa kidogo ambacho shefu anakishona juu ya mfuko wa kushoto wa shati. Huko skauti wana alama ya aina hiyo kwa viongozi waliopewa tuzo na vyama vyao vya kijamii, vikiwemo vya wapiganaji wa zamani, kama American Legion iliyoanzishwa mwaka 1919. Ninachokipenda katika mpango huo ni kwamba chama cha wapiganaji ndicho kinachomtunuku mwanachama wake, na skauti wanamruhusu aivae alama kwenye sare yao. Pande zote mbili zinasema tunamjua. Hapa kwetu hilo linawezekana bila kusubiri Kinshasa: chama cha wapiganaji kipendekeze jina, kundi la skauti na wazazi walithibitishe.

Dhana: Aliyetunukiwa amekwisha kuaminiwa, hahitaji kuangaliwa

Hii ni ya hatari kuliko zote. Chama cha skauti cha Marekani kiliomba ulinzi wa sheria ya ufilisi Februari 2020, na watu zaidi ya 82,000 wakajitokeza kudai kwamba walidhulumiwa kingono wakiwa watoto mikononi mwa viongozi wao. Sifa njema ya mtu mtaani haimlindi mtoto. Mzee mwenye nishani tatu afuate kanuni ileile ya kijana aliyeanza jana: asikae faraghani na mtoto mmoja, safari yoyote iwe na watu wazima wawili au zaidi, na mtoto ajue ni nani mwingine wa kumwambia jambo likimsumbua. Mzee mwema hataudhika. Akiudhika, mwahirishieni cheti.

Dhana: Heshima bila bahasha si heshima

Kujitolea ni kujitolea, mshahara haumo. Hata hivyo, mzee anayetoka Ruashi hadi Katuba kwa nauli yake, tena pensheni haijafika, kumrudishia nauli si kumlipa. Ni aibu kumpigia makofi kisha arudi nyumbani kwa miguu.

Dhana: Bado kuna wakati

Koplo Albert Kunyuku, aliyepigana vita vya pili vya dunia, alivishwa nishani na Mfalme Philippe wa Ubelgiji mjini Kinshasa Juni 2022, akiwa na umri wa miaka 100. Vita viliisha 1945. Sisi tumezoea kumsifu mtu kwenye matanga yake, na watoto aliowalea wanasikia sifa hizo wakati yeye hazisikii tena.

Wala haihitaji ukumbi wa kukodi. Tarehe 22 Februari, siku aliyozaliwa Baden-Powell, skauti huadhimisha kumbukumbu yake. Siku hiyo inatosha: jina lisomwe, na mmoja wa watoto aseme amefundishwa nini. Kama aliyelea kundi ni mwanamke aliyetumikia jeshi, asomwe naye kwa sauti ileile. Februari kwetu ni mwezi wa mvua, basi waanze asubuhi, na waombe mapema darasa la kukimbilia.