Nani aliwaambia breki ya mbele inapindua pikipiki?

Jumamosi iliyopita alikuja uwanjani kwangu hapa Tanga, ninapofundisha kuendesha pikipiki, kijana mmoja wa Makorora na pikipiki ya mkataba, ina siku nne tu, nailoni ya kwenye siti bado hajaitoa. Kaja na mama yake. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, na kabla sijamuuliza dogo kama gia anazijua mama kashanipa maelekezo: "Mwalimu, mfundishe taratibu, asikimbize, na breki ya mbele asiiguse kabisa, ile inarusha mtu." Nikashusha pumzi. Hiyo ni familia ya tano tangu mwezi uanze. Kuna baba mmoja wa Duga yeye alienda mpaka kwa fundi akalegezewa waya wa breki ya mbele, ukibana ule mkono unafika mpaka kwenye raba ya usukani haujashika kitu chochote, na alifanya hivyo kwa sababu anampenda mwanawe. Nlipoishika ile pikipiki niliumia sana. Mzazi kamtolea mwanawe zaidi ya nusu ya breki kwa mapenzi.

Sasa leo naandika niliseme lote, maana nimechoka kulirudia mmoja mmoja.

Ukifunga breki uzito wote unakimbilia mbele. We ukiwa umesimama kwenye daladala dereva akakanyaga ghafla si unaenda kumwangukia aliye mbele yako? Pikipiki nayo hivyo hivyo, inainama, shokapu za mbele zinazama, tairi ya mbele inagandamizwa kwenye lami na ile ya nyuma inakuwa nyepesi. Tairi iliyogandamizwa ndo inashika, nyepesi inaserereka. Kwa hiyo kwenye lami kavu, ukiwa peke yako juu ya chombo, kazi kubwa ya kusimama inafanywa na breki ya mbele, walimu wengi wanasema kama asilimia 70. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa unakula mita 11 kila sekunde. Ukibana zote mbili vizuri, toka breki zinaposhika unasimama kwenye mita 9 au 10 hivi, ukikanyaga ya nyuma peke yake unafika 17, 18. Hapo katikati zinaenea gari ndogo mbili.

Nilimwambia yule mama asiniamini mimi, aamini kandambili zake. Nikamuomba moja, nikaiweka kwenye lami, nikaenda mbali nikaja na 40, nilipofika usawa wa kandambili nikakanyaga ya nyuma tu. Tairi ililia, mkia ukanichezea kushoto, nikasimama. Mama akahesabu hatua zake mwenyewe, 23. Nikarudia na zote mbili. 13. Akarudi kwenye kandambili akahesabu upya, akapata 13 tena, akaniangalia bila kusema neno.

Alafu ndo akasema kitu ambacho wengi hawakisemi: "Lakini kaka yangu alianguka kweli mwalimu, nliona kwa macho yangu, aligusa ya mbele tu akaenda chini." Na mimi sikumbishia, kwa sababu ni kweli. Watu wanaanguka na breki ya mbele. Nilimuuliza ilikuwa wapi, akasema njia ya Sahare, kwenye mchanga, anakata kona. Basi hapo kila kitu kipo. Mchanga, usukani umegeuzwa, na nna uhakika aliibana kwa mshtuko kama mtu anayedaka glasi inayoanguka.

Naomba tukae hapa kidogo, maana ndo penye utata wote na ndo panaponitia hasira watu wakipapita juu juu. Tatizo sio breki, ni mkono. Ule uzito hauhamii mbele papo hapo, unachukua mda mfupi, chini ya sekunde lakini upo. Ukiinyakua breki kwa nguvu zote kabla uzito haujafika mbele, tairi ya mbele bado nyepesi, inajam, na tairi ya mbele ikijam huna usukani tena, unalala. Ukianza kwa kugusa, ukasubiri shokapu zizame kidogo, ndo ukaongeza nguvu, tairi inakuwa imeshagandamizwa na inabeba. Yule mama anauza vitumbua, nikamuuliza, mama ukikamua tui unaanza na nguvu zote? Akasema hapana, unakusanya machicha kwenye kiganja kwanza alafu ndo unakaza. Nikamwambia ndo hivyo, hakuna kingine. Dogo akacheka, lakini raundi iliyofuata mkono wake ulikuwa tofauti kabisa, nliona vidole vinafunga taratibu.

Kwenye kona usibane kwa nguvu, malizia kupunguza mwendo kabla hujainamisha pikipiki kuikata. Kwenye mchanga na tope breki ya nyuma ndo inaongoza, ya mbele ni ya kugusa tu usukani ukiwa umenyooka. Mvua za kwanza, zile zinazokuta vumbi na oili bado vimelala kwenye lami, kamua polepole zaidi na acha nafasi mara mbili. Na ukibeba abiria mambo yanabadilika, uzito umekaa nyuma, kwa hiyo breki ya nyuma inapata kazi zaidi kuliko ukiwa peke yako. Vijana wa Muheza wanaoshusha viroba vya machungwa wanalijua hili kwa miili yao, wananiambia "mwalimu mi nyuma inashika vizuri tu", na wanasema kweli, siku ina viroba viwili. Siku haina kitu ndo inawadanganya.

Kwenye mchanga wenyewe nakiri sina amani kabisa na ninachofundisha. Mi nasema kidole kimoja, mwenzangu tunayefundisha naye anasema kwenye mchanga usiguse ya mbele hata kidogo mpaka utimize mwaka barabarani, na nikiangalia wanafunzi wake hawaanguki kuliko wangu. Inawezekana kwa mtu mgeni kabisa yeye ndo yuko sahihi. Ila kwenye lami sirudi nyuma hata hatua moja.

Turudi kwenye neno la pili la mama, "asikimbize". Mwendo una maana, tena sana, ukitoka 40 ukaenda 60 umbali wa kusimama unapanda zaidi ya mara mbili, toka mita 9 unaenda 20. Na ndani ya makazi sheria inasema 50. Lakini familia nyingi zikishasema "nenda polepole" zinaona zimemaliza, mtoto naye anaona yuko 35 kwa hiyo yuko salama. Kuna utafiti mkubwa ulifanyika Los Angeles, Marekani, ukatoka 1981, Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walizifuata ajali za pikipiki kama 900 mpaka eneo la tukio. Nusu ya zile ajali pikipiki ilikuwa haizidi kilomita 48 kwa saa kabla hatari haijaanza, na wakati wa kugonga wenyewe nusu hazikuzidi kama 35. Mwendo ambao sisi wote tungeuita wa adabu. Robo tatu zilikuwa pikipiki na chombo kingine, kwa kawaida gari, na kati ya hizo theluthi mbili mwenye gari ndo aliyeingilia njia ya mwenye pikipiki. Dereva alikuwa ama hakuiona pikipiki ama kaiona too leti. Mwendeshaji alikuwa na chini ya sekunde 2 za kufanya chochote, na wengi walichofanya ni kukanyaga nyuma mpaka tairi ikaserereka na mbele hawakuibana inavyotakiwa. Asilimia 92 walijifunza wenyewe au walifundishwa na ndugu na marafiki. Nilipoisoma hiyo mara ya kwanza nilisimama nikatoka nje, kwa sababu ilikuwa inanielezea mimi.

Mi nimefundishwa na kaka yangu. Na breki ya mbele aliniambia nisiiguse. Nikaendesha boda miaka mitatu bila kuigusa. Siku moja asubuhi niko Ngamiani, nakatiza kwenye barabara za namba, na nyie mnazijua zile barabara, kila ukivuka nyumba chache kuna njia panda nyingine, ukuta umekuja mpaka konani, huoni kitu mpaka pua ya gari itokeze. Nilikuwa kama 35, sina haraka, sina abiria. Bajaji ikatokeza kushoto. Nikakanyaga ya nyuma kwa mguu wote, nikasikia tairi inalia, na nakumbuka nlikuwa naiangalia taa ya ile bajaji inakuja na mkono wangu wa kulia umeganda kwenye raba. Nikavunjika kifundo cha mkono. Zingebaki mita mbili, tatu kama ningebana mbele, nimepiga hesabu hiyo mara nyingi sana.

Kwa hiyo mwanao akiwa anaingia njia panda, muulize vidole vyake viko wapi. Viwili viwe juu ya mkono wa breki ya mbele tayari, havijabana, vimekaa tu. Kukunjua vidole kutoka kwenye raba na kuifata breki ni kama nusu sekunde, na nusu sekunde kwa 40 ni mita tano na nusu. Asijifiche nyuma ya daladala, awashe taa mchana, akiona gari inayokuja mbele yake inataka kukata kulia ahesabu kwamba haijamuona hata kama dereva wanaangaliana. Malori ya saruji yanayotoka Pongwe asikae ubavuni kwao. Hayo tu, mengine tunafundishana uwanjani.

Helmeti sina mda wa kuibishania. Shirika la Afya Duniani linasema helmeti nzuri iliyovaliwa sawasawa inapunguza kufa kwa kama asilimia 40 na kuumia vibaya kichwani kwa kama asilimia 70. Ifungwe mkanda wa kidevuni. Isiyofungwa inatangulia kuruka yenyewe kabla kichwa hakijafika chini. Abiria naye avae.

Sasa simu. Hapa nawasema wazazi, na nasema kwa heshima. Mnapiga saa mbili, "umefika?" Mnapiga saa tatu, "uko wapi?" Mtoto anaogopa asipopokea presha itapanda nyumbani, kwa hiyo anaisokomeza simu ndani ya helmeti sikioni, au anaachia mkono wa klachi anaongea na nyie huku anaendesha kwa mkono mmoja pale Chumbageni kwenye msongamano. Nimewaona, namuuliza ilikuwa nani, ananiambia mama. Kubalianeni. Akiwa barabarani hapokei, na asipopokea maana yake anaendesha, sio kwamba kapatwa na jambo. Yeye ndo apige akifika kijiweni, saa mnazopanga wenyewe. Kama kuna dharura pigeni mara mbili mfululizo, atatafuta pa kusimama.

Na nyie vijana, acheni kuwaambia wazazi "usijali". Halijawahi kumtuliza mtu hilo neno. Mama anajali, kazaa. Mwonyeshe. Mwite aje abane mkono wa breki aone unashika, mwonyeshe kashata za tairi bado zipo, mwonyeshe mkanda wa helmeti unafungwa, mwambie njia unazopita na saa unazolaza pikipiki. Mama akishika kitu kwa mkono wake analala tofauti na mama aliyeambiwa maneno.

Kitu cha mwisho ni kigumu kukisema mtu ambaye anaishi kwa kufundisha. Tafiti zilizojaribu kupima kama mafunzo ya pikipiki yanapunguza ajali hazijatoa jibu safi, na baadhi ya waliofundishwa wanatoka na kujiamini kupita kiasi. Naliona hata kwangu. Uwanjani dogo anabana vizuri mara ishirini, alafu siku ya mshtuko wa kweli mwili unarudi kwenye kile ulichozoea kwanza. Ndo maana nataka hicho cha kwanza kiwe sahihi, ndo maana sitaki mtu aje kwangu ameshalishwa miaka miwili kwamba breki ya mbele ni adui.

Yule mama aliniuliza swali moja kabla hatujamaliza. "Na gari ikija kwa nyuma, hiyo breki yako inamsaidia nini?" Nikamwambia haimsaidii mama. Hapo kuna vioo, kuna taa ya nyuma iwake, kuna kutokusimama ghafla katikati ya njia, na kuna vitu ambavyo mimi wala yeye hatuviwezi. Alinyamaza kidogo. Nlidhani atamchukua mwanawe waondoke, na ningemuelewa. Akaenda akaiokota kandambili, akaisogeza nyuma kama hatua mbili, akamwambia, "Haya, rudi kule uje tena." Walikaa mpaka adhana ya magharibi, dogo anakuja na 40, mama na mguu mmoja peku anahesabu.