Kuonyesha mapu kwenye jedwali maana yake nini, na kwa nini mistari inarukaruka

Hili swali nakutana nalo sana kwa wanaojifunza Java, mtu ana HashMap yake (aina ya mapu, yaani hifadhi ya data ya jina na thamani yake) imejaa data vizuri, anataka ionekane kwenye JTable, jedwali la Java, ndani ya dirisha la programu yake, anatafuta sehemu ya kuimimina yote kwa mara moja haioni. Na kweli haipo. JTable utaipa array au Vector (hizi ni aina za orodha), utaipa modeli (kitu kinacholijibu jedwali kila likiuliza data), lakini mapu yenyewe haiipokei. Halafu Swing, maktaba ya madirisha ambayo JTable imo ndani yake, na hii familia ya Map vyote viliingia rasmi kwenye toleo moja, Java 1.2 ya mwaka 1998, kwa hiyo usidhani labda mmoja alikuja baadae wakasahau kuwaunganisha. Hawa wawili wanaongea lugha tofauti na ukishaelewa tofauti yenyewe kazi inayobaki ni ndogo tu.

Chukua daftari la madeni la dukani. Muuza duka hakumbuki deni kwa namba ya mstari, anakumbuka kwa mtu. Mama Salma anadaiwa 12,000, fundi Juma 9,000, basi. Ukitaja jina unapata kiasi. Hiyo ndo mapu: kuna ufunguo (jina) na kuna thamani (deni), kila ufunguo una thamani moja, na ufunguo haujirudii. Hamna mahali mapu inajua kwamba Juma ni "wa pili".

Sasa jedwali lenyewe halijui majina kabisa. Linapotaka kujichora linauliza kwa namba: una mistari mingapi? una kolamu ngapi? mstari wa 3 kolamu ya 1 pana nini? Kuhesabu linaanzia 0. Hayo maswali matatu ndo methodi (vipande vya kodi vinavyoitwa kwa jina) tatu za modeli, getRowCount, getColumnCount na getValueAt, na ukirithi AbstractTableModel, modeli ya Java iliyoandikwa nusu, ni hizo tatu tu unalazimika kuziandika. Kwa hiyo tukisema "kuonyesha mapu kwenye jedwali" tunamaanisha kuandika mkalimani wa katikati, anaulizwa kwa namba, anageuka anaiuliza mapu kwa jina, analeta jibu.

Na hapa ndo wengi tunapokosea, mi mwenyewe nilipita humo humo. Nilimwandikia shangazi yangu programu ndogo ya madeni ya duka lake, HashMap ya majina, na kwenye getValueAt nikawa natembea ndani ya mapu nikihesabu moja mbili tatu mpaka nifike mstari ulioulizwa. Ikafanya kazi vizuri tu, wateja wanane, tisa, kumi. Siku anaongeza mteja wa 13 majina yakavurugika, waliokuwa juu wakaenda chini, akaniita kwa hofu akidhani kuna madeni yamepotea.

Hayakupotea. HashMap inapanga vitu kwenye vyumba vya ndani kulingana na namba inayotokana na herufi za ufunguo, sio kwa alfabeti wala kwa nani alitangulia. Inaanza na vyumba 16, na imewekewa kiwango cha 0.75, yaani ikishavuka vitu 12 inaongeza vyumba mara mbili vinakuwa 32 na baadhi ya vitu vinahamia vyumba vipya. Ukiitembelea tena unakuta mpangilio mwingine. Haijavunja ahadi yoyote maana haikuwahi kuahidi mpangilio. Kilichoniogopesha mimi sio muonekano, ni kwamba shangazi akibonyeza mstari wa 5 kuandika "kalipa" na katikati hapo mpangilio umebadilika, malipo ya mtu mmoja yanaingia kwa mwingine, na hiyo ni hela ya watu na heshima yake pale mtaani.

Dawa yake ni modeli iwe na orodha yake ya funguo pembeni ya mapu. ArrayList (orodha inayokupa kitu kwa namba ya nafasi yake) moja ya majina kwa mpangilio unaoutaka wewe. Jedwali likiuliza mstari wa 3, unachukua jina lililoko nafasi ya 3 kwenye orodha, kama kolamu ni 0 unarudisha jina lenyewe, kama ni 1 unaiuliza mapu deni la hilo jina. Mapu inabaki na kazi ya kujua nani anadaiwa ngapi, orodha inabaki na kazi ya nani anakaa wapi.

Kuna watakaosema tumia LinkedHashMap, ile iliyokuja na Java 1.4, inatunza mpangilio wa kuingiza. Ni kweli na inasaidia, ila haiwezi kukujibu "nipe wa tatu", bado itabidi utembee toka mwanzo kila unapoulizwa, na jedwali linauliza sana, kila likichorwa upya linauliza seli zote zinazoonekana kwenye skrini. Wengine wanapenda TreeMap kwa sababu inapanga funguo zenyewe. Nzuri, ila angalia, kwa majina ya kawaida herufi kubwa zote zinatangulia ndogo, Zuberi atakaa juu ya asha kama asha umeandika kwa herufi ndogo. Unaweza kuiambia isijali ukubwa wa herufi, lakini hapo ujue Asha na asha wanakuwa ufunguo mmoja, deni la wa pili linafuta la kwanza. Ile orodha ya pembeni kwangu ndo imeshinda zote.

Ipo na njia ya mkato, DefaultTableModel, modeli iliyo tayari ya Java, unazunguka mapu yako unaongeza mstari mmoja mmoja imeisha. Kwa kitu cha kuangalia tu, hakibadiliki, tumia bila wasiwasi. Ila fahamu umetengeneza nakala, sasa una madaftari mawili, mtu akihariri kwenye jedwali mapu haina habari, na ukibadilisha mapu jedwali linaendelea kuonyesha ya zamani. Kwa madeni siwezi kukushauri hiyo.

Na hata ukiandika modeli yako mwenyewe, jedwali haliichungulii mapu kuona kama kuna jipya. Lazima uliambie. Mteja mpya akiingia unaongeza kwenye mapu, unaongeza mwisho wa orodha, halafu unaita fireTableRowsInserted na namba ya huo mstari. Deni likibadilika tu unaita fireTableCellUpdated. Wengi wanaita fireTableDataChanged kwa kila kitu na inaonekana inafanya kazi, ila hiyo inaliambia jedwali kila kitu kimebadilika, mstari aliouchagua mtumiaji unaachiwa, anatakiwa autafute upya. Kama data inatoka kwenye uzi (thread) mwingine, yaani kazi inayoendesha sambamba na dirisha, mfano unasoma faili kubwa nyuma ya pazia, usiguse modeli toka huko, pitishia SwingUtilities.invokeLater.

Kabla ya kuongeza uliza kwanza containsKey, inayojibu kama jina tayari lipo. Ukiita put kwa jina ambalo tayari lipo haigomi, inaweka thamani mpya juu ya ya zamani kimya kimya, sasa wewe kama umeongeza na jina kwenye orodha utapata mistari miwili ya mtu mmoja yenye deni moja. Na get ikirudisha null (yaani hakuna kitu) kwenye HashMap inaweza kuwa jina halipo, au lipo na thamani yake ni null, kwenye jedwali zote zinaonekana seli tupu. Asiyedaiwa kitu muandikie 0, usimuache tupu.

Kuhariri: thamani ruhusu, ufunguo zuia. Kwenye isCellEditable rudisha kweli kwa kolamu ya 1 peke yake. Kubadilisha ufunguo sio kurekebisha neno, ni kutoa kitu kwenye mapu na kukiweka upya kwa jina lingine, na kama hilo jina lingine lina mwenyewe umeshamfuta. Mtu akitaka kubadili jina mpe kitufe chake na umuulize.

Alafu kupanga kwa kubonyeza kichwa cha kolamu. Toka Java 6 ni rahisi, setAutoCreateRowSorter na imeisha, ila ukipanga toka ndogo kwenda kubwa utashangaa 12,000 inakaa juu kuliko 9,000. Ni kwa sababu modeli haijasema kolamu ya deni ni namba, AbstractTableModel ikiulizwa inajibu Object, kwa hiyo vinalinganishwa kama maandishi na 1 inatangulia 9. Andika getColumnClass irudishe Integer kwa hiyo kolamu, tatizo linaisha na namba zinajipanga kulia zenyewe. Ila ukisharuhusu kupanga, mstari wa 2 kwenye skrini sio lazima uwe wa 2 kwenye modeli yako, ukichukua getSelectedRow ipitishe convertRowIndexToModel kwanza. Ukisahau hili, tumerudi palepale pa kumfutia mtu deni lisilo lake. Na vichwa vya kolamu visipoonekana kabisa, jedwali hujaliweka ndani ya JScrollPane.

Haya yote niliyarekebisha kwenye ile programu, ikatulia, mpaka shangazi akaniambia mtaani wapo kina Mama Salma wawili. Hapo jedwali halikuwa na kosa lolote, mapu ndo isingeweza kuwabeba wote kwa jina moja, na yeye alikuwa ameshaanza kuandika "Mama Salma 2" ili apite. Tukabadilisha, ufunguo ukawa namba ya simu, thamani ikawa kitu kimoja chenye jina na deni ndani yake, na kolamu zikawa tatu. Mkalimani wa katikati aliongezewa mistari michache tu, simu kolamu ya 0, jina ya 1, deni ya 2. Sasa kina Mama Salma wote wawili wapo, kila mmoja na mstari wake.