Mwanagenzi, malipo na wateja wa LinkedIn: tunavyodanganyana

Dhana: "Nilisaini kwamba nitajitolea bila malipo, kwa hiyo sina cha kudai."

Saini hiyo si kufuli. Katika nchi nyingi sheria haijali barua inakuitaje. Inatazama ulifanya nini. Marekani, tangu kesi ya wanagenzi dhidi ya kampuni ya filamu ya Fox Searchlight iliyoamuliwa na mahakama ya rufaa mwaka 2015, swali ni nani ananufaika zaidi, kijana au kampuni. Mafunzo yanaendana na masomo yake? Anawasaidia wafanyakazi wa kulipwa, au ameshika nafasi yao? Vigezo viko 7, na hakuna kinachoamua peke yake. Wizara ya Kazi ya huko ilikipokea kipimo hicho mwaka 2018. Kutoa fotokopi miezi 3 si mafunzo, hata ukipewa cheti.

Uingereza, anayefanya kazi kama mfanyakazi hulipwa kima cha chini, na haki hiyo haifutwi kwa kusaini. Wanaoweza kutolipwa kisheria ni, kwa mfano, mwanafunzi ambaye kozi yake inamtaka afanye mafunzo yasiyozidi mwaka 1, au anayekaa kando akitazama tu.

Dhana: "Posho ni hisani ya bosi."

Ufaransa si hisani: mafunzo yakipita miezi 2, ni lazima.

Dhana: "Mwanagenzi akisumbuliwa kingono, avumilie, si mwajiriwa."

Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unawataja wanagenzi waziwazi. Nchi iliyouridhia haiwezi kusema hawahusiki.

Dhana: "Akaunti ya LinkedIn ni yangu, basi na wateja ni wangu."

LinkedIn ni mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, na hapa watu huchanganya mambo mawili. Akaunti ni yako kweli, masharti ya LinkedIn yenyewe yanasema hivyo. Lakini orodha ya wateja uliyoinakili kwenye kompyuta ya ofisi inaweza kuwa siri ya biashara, nayo haigeuki mali yako kwa kuihamishia kwenye simu. Kutangaza kwamba umehamia kazi nyingine kwa kawaida si kosa. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya jimbo la Illinois, Marekani, iliona hata mialiko ya jumla ya kuunganishwa kwenye LinkedIn, iliyotumwa kwa wafanyakazi wa kampuni ya zamani, haikuvunja mkataba uliokataza kuwashawishi wahame. Ujumbe wa faraghani unaosema "njoo huku, nitakupa bei nzuri" ni habari nyingine, hasa kama mkataba wako una kifungu cha kutowanyemelea wateja.