Kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea nyumbani kwa mteja

Zamani mashine ya kuchomelea haikutoka karakanani. Lilikuwa sanduku zito la chuma lililojaa nyaya za shaba, likihamishwa kwa mkokoteni, na mteja ndiye aliyelibeba geti lake kulifuata. Siku hizi fundi anapanda bodaboda na mashine ya inveta, ile ndogo ya kielektroniki, ya kilo tano au sita begani, anashuka kwa mteja Mbagala au Kibaha, anaulizia soketi, na baada ya dakika kumi cheche zinaruka. Ninafundisha uchomeleaji katika chuo cha ufundi stadi. Vijana wengi wanaorudi kwangu na majeraha, au na mashine zilizoungua, hawakuharibikiwa wakati wa kuchomelea. Waliharibikiwa katika zile dakika kumi.

Karakanani mambo mengi yameshapangwa: unaijua soketi, sakafu ni ya zege, hakuna godoro karibu. Kwa mteja kila siku ni mahali pageni. Hujui nyaya za nyumba zilifungwa na nani, wala upande wa pili wa ukuta kuna nini.

Anza na umeme. Nyuma ya mashine, au chini yake, kuna kibao kidogo chenye namba. Usiamini ile 200 au 300 kubwa iliyoandikwa ubavuni kwa rangi. Tafuta kwenye kibao panapoonyesha ampea ambazo mashine inavuta kutoka ukutani. Namba hiyo ndiyo inayohusu soketi ya mteja.

Mwaka jana kijana mmoja aliniletea plagi yake mkononi, ile ya kawaida ya miguu mitatu bapa. Mguu mmoja ulikuwa umegeuka rangi ya kahawia na plastiki yake imevimba kama andazi. Alikuwa amechomelea geti mchana kutwa kwa elektrodi, yaani vijiti vya kuchomelea, za milimita 3.2, mashine akiwa ameiweka kwenye ampea 120 za kuchomelea. Nilipoifungua plagi nikakuta fyuzi haipo. Mahali pake palikuwa na kipande cha waya wa shaba. Fyuzi ilikuwa imeungua mara mbili, akaona inamsumbua.

Plagi ile imetengenezwa kubeba ampea 13, basi. Elektrodi ya milimita 2.5 kwenye ampea 80 huifanya inveta ya kawaida ivute karibu ampea 13 au 14 ukutani wakati mwako, ule mwale wa umeme kati ya elektrodi na chuma, unaendelea. Kwa kuwa unapumzika kila unapobadilisha elektrodi, plagi nzima na soketi iliyokaza vinavumilia. Ukipanda hadi ampea 120, mashine inavuta 20 na ushei, na hapo fyuzi ikiungua inafanya kazi iliyowekewa. Ukiiondoa, kinachofuata kuungua ni soketi, na baada ya soketi ni waya ulio ndani ya ukuta, mahali usipoona.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kazi za majumbani ni huu: tumia elektrodi za 2.5, usizidi ampea 80 au 90, na baada ya elektrodi mbili tatu zima mashine uiguse plagi. Ikiwa vuguvugu, pumzika. Ikiwa ya moto, soketi hiyo haifai, acha. Fundi mwenye kazi nzito za kila siku amwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, amfungie njia yake maalumu kutoka kwenye bodi, yenye sakiti breka yake na soketi ya viwandani ya ampea 32. Na ile tabia ya kuchomeka nyaya uchi kwenye soketi na kuzibana kwa njiti za kiberiti, au kujiunganishia kabla ya mita ya LUKU, tuiache kabisa. Kwenye nyaya za kabla ya mita hakuna breka ya kukuokoa.

Waya wa nyongeza nao unahitaji hesabu. Wa milimita mraba 1.5 wenye urefu wa mita 30 unapoteza zaidi ya volti 17 ukipitisha ampea 20. Jioni, mtaa mzima ukiwa umewasha taa na pasi, umeme unaweza kuwa tayari umeshuka, na hapo elektrodi inaanza kuganda kwenye chuma kila ukiigusisha. Fundi anadhani elektrodi ni mbovu, anaongeza ampea, na waya unazidi kupata moto. Tumia wa 2.5 kwa umbali mfupi, 4 kwa umbali mrefu, na uukunjue wote hata kama unahitaji mita tano tu. Ukiuacha umejiviringisha kwenye gurudumu lake, joto halipati pa kutokea na plastiki inayeyukia ndani. Hakikisha pia una nyaya tatu ndani yake. Waya wa kijani na njano ndio unaolifanya bati la mashine lisikuue siku kitu kikilegea ndani.

Hapo kuna jina linalotupotosha. Kile kibano kinachoshika chuma, mafundi wengi tunakiita kibano cha ardhi, na wapo wanaoamini kwamba kikishabanwa basi wamekingwa. Hakikingi chochote. Kazi yake ni kurudisha umeme wa mwako kwenye mashine. Kibane karibu na mshono, kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi na kutu hadi king'ae. Usikibane kwenye nondo za nyumba wala bomba la maji. Ukichomelea chesisi ya bajaji huku kibano kiko mbali, umeme hupita kwenye beringi na nyaya za chombo kutafuta njia ya kurudi. Mteja ataondoka na mshono mzuri na beringi zilizotoboka. Kwenye chombo chochote cha moto, fungua kwanza nyaya za betri.

Nyaya mbili za mbele ya mashine, ya kibano na ya holda inayoshika elektrodi, huchomekwa na kuzungushwa upande wa kulia mpaka zikaze kabisa. Zikilegea huyeyusha shaba yake. Ipi iende kujumlisha na ipi kutoa, pakiti ya elektrodi itakuambia. Nyingi hufanya kazi vizuri holda ikiwa upande wa kujumlisha. Kwa jenereta, kwa kazi ya 2.5 usiende chini ya kVA 5 (kipimo cha nguvu kilichoandikwa kwenye jenereta), iwekwe nje daima, na ujaze mafuta ikiwa imezimwa na imepoa.

Sasa tazama mahali penyewe. Cheche za kuchomelea na za grainda huweza kusafiri mita 10 au 11, na huingia kwenye nyufa. Pwani tuna mabanda ya makuti, na makuti makavu hayangoji. Magodoro, mapazia, majani makavu, dumu la petroli ya jenereta, vyote viondoke. Kisichoweza kuondoka kifunikwe kwa bati au kiloweshwe, ndoo ya mchanga na kizima moto viwe mkono wako unapofika. Zimamoto ni 114; iwe kwenye simu yako kabla hujawasha mashine.

Kama kumenyesha au ardhi ina maji, usianze. Kati ya holda na kibano kuna volti 60 hadi 80 hata kabla hujagusisha elektrodi. Ukiwa mkavu hutazisikia, lakini fundi wa Dar es Salaam saa saba mchana hayuko mkavu, na jasho hupitisha umeme. Simama juu ya ubao mkavu, vaa glavu nzima za ngozi, badilisha elektrodi ukiwa nazo. Usibane holda kwapani ili mikono iwe huru. Ni mazoea ya wengi, na hapo umeme unaweza kupita kifuani, kwenye moyo wako. Mtu akinaswa, kata umeme kwanza. Ukimshika kabla hujakata, mtakuwa wawili.

Nguo ziwe za pamba nzito au ngozi, mikono mirefu, suruali ianguke juu ya kiatu. Viatu viwe vya ngozi vilivyofunika mguu wote, kwa sababu kandambili hazimzuii hata mtoto wa cheche.

Kwenye macho nitakawia, kwa sababu nilijifunza kwa maumivu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa nikipiga mishono midogo ya kushikizia bila kofia ya kuchomelea, nimefumba macho na kugeuza uso. Niliamini ukifumba inatosha. Niliacha kazi saa kumi jioni nikiwa mzima kabisa. Saa nane usiku niliamka macho yakiwa yamejaa mchanga, machozi yanatiririka, siwezi kutazama hata mwanga wa simu. Mionzi ya urujuanimno huunguza ngozi ya juu ya kioo cha jicho kama jua linavyounguza mgongo, na maumivu huja saa kadhaa baadaye. Ndiyo maana mtu haunganishi kosa na adhabu yake.

Miwani ya jua haifai, hata iwe nyeusi namna gani, kwa sababu haikutengenezwa kwa mwanga wa ukali ule. Unahitaji kofia yenye kioo cha namba 10 au 11 kwa kazi za 2.5 na 3.2. Ikiwa ni ile inayojigeuza giza yenyewe, ijaribu kila asubuhi kabla ya kazi. Maumivu hayo ya macho yakikupata, usiweke kiazi, maziwa wala majani ya chai machoni. Utaongeza vijidudu kwenye kidonda. Kitambaa safi chenye maji baridi, chumba chenye giza, na uende hospitali. Mara nyingi jicho hupona ndani ya siku moja au mbili. Usinunue dawa ya matone ya kutia ganzi uendelee kujiwekea mwenyewe, maana huchelewesha kupona na huweza kuharibu jicho. Na likiuma jicho moja tu, huenda ni kipande cha chuma kimeingia. Hapo usingoje kuche.

Watoto wa mtaa watakuja kutazama. Huwa wanakuja. Kuwaambia "msiangalie" hakutoshi, kwa kuwa mwanga wenyewe unawaita. Tundika turubai au simamisha mbao pande zote zilizo wazi, na ukumbuke kwamba ukuta mweupe hurudisha mionzi nyuma yako, chini ya kofia.

Moshi nao tumeuzoea mno. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la 1, yaani vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Fanya kazi nje au kwenye upepo unaopita, na usiinamishe kichwa ndani ya wingu la moshi. Simama pembeni yake. Maziwa yanayonywewa baada ya kazi huenda tumboni, hayafiki kwenye mapafu. Yanyweni kwa chakula, si kwa kinga.

Ubaya zaidi ni chuma kilichopakwa zinki, kama bomba za maji na mabati. Utaijua kwa moshi mweupe mzito na unga mweupe unaobaki kando ya mshono. Saa chache baadaye, mara nyingi usiku, fundi anapata homa, baridi, kutetemeka, maumivu ya viungo na ladha ya chuma mdomoni. Kwetu jina la hayo ni moja tu: malaria. Anameza dawa, kesho yake au keshokutwa anapata nafuu, anaamini dawa imemponya, na wiki inayofuata anarudia bomba lile lile. Pima malaria, ndiyo, lakini mwambie daktari ulikuwa unachoma nini. Na kabla ya kuchoma, kwangua zinki kwa grainda sentimita kadhaa kila upande wa mshono ukiwa umevaa barakoa ya chembechembe.

Pipa au tangi lililowahi kubeba petroli, dizeli au rangi, kataa. Hata likiwa limekaa tupu mwaka mzima na halinuki, mabaki kwenye mikunjo yake hugeuka mvuke likipata joto, nalo hulipuka kama bomu. Usafishaji wake ni kazi ya watu wenye vifaa vya kupima mvuke. Mteja akikubembeleza, mwache aondoke na pipa lake.

Vyote vikiwa tayari, kuchomelea kwenyewe kuna raha yake. Chukua kipande cha chuma kibovu chenye unene ule ule ujaribie hapo kwanza. Kwa skwea paipu nyembamba anza ampea 50 au 60, kwa engo nene 80. Kwaruza elektrodi kama njiti ya kiberiti, inua kidogo, nafasi isizidi unene wa elektrodi yenyewe. Sikiliza: mwako uliokaa sawa unalia kama maandazi kwenye mafuta. Ukipasuka-pasuka na kurusha cheche kubwa, umeinua mno au ampea zimezidi. Elektrodi zilizolala wazi kwenye unyevu wa pwani hutoa mshono wenye vitundu, kwa hiyo ziweke kwenye kopo lenye mfuniko. Fuata pia muda wa mapumziko ulioandikwa kwenye kibao: asilimia 60 maana yake katika dakika 10 unachoma 6 na kuipoza 4, feni ikiendelea kuzunguka.

Unapogonga mavi ya chuma, lile gamba linalobaki juu ya mshono, vaa miwani safi ya kinga, kwa kuwa yanaruka yakiwa bado ya moto. Mshono ukishapoa, zima mashine, chomoa, kunja nyaya. Kisha usiondoke. Kaa saa nzima ukizunguka mahali pale, upande wa pili wa ukuta, juu ya dari, chini ya meza, ukinusa. Cheche iliyolala ndani ya pumba la mbao huchukua muda kabla haijatoa moshi, na kwa kawaida hutoa moshi fundi akiwa ameshapanda bodaboda.