Si kila aliyeponea chupuchupu huona mwanga

Wengi huamini kwamba mtu akikaribia kufa, lazima apite kwenye handaki lenye giza, aone mwanga mkali na kulakiwa na jamaa waliotangulia. Si kweli. Mwaka 2001 daktari wa moyo Pim van Lommel na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 344 nchini Uholanzi, wote wakiwa wamehuishwa baada ya moyo kusimama. Waliosimulia tukio la namna hiyo walikuwa 62, yaani asilimia 18 tu.

Jambo hili lina uzito kwa manusura. Mtu anazinduka, ndugu wanamzunguka kitandani wakiuliza kwa shauku, "Uliona nini huko?" Akijibu kwamba hakuona kitu, huanza kujiona ana kasoro, au imani yake ni haba. Hana kasoro yoyote. Yeye ndiye yuko kwenye kundi kubwa.

Hata wanaoona, si wote huona raha. Wapo wanaokumbana na hofu na utupu, wakanyamaza kwa kuogopa kuhukumiwa. Na wapo waliozimia tu, uhai wao haukuwa hatarini, wakasimulia mwanga uleule.